Mama wa Siku ya Saba

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala shemeji wa jirani. Najua visa vya namna hii huwa vya usiku, mtu katoka kilabuni, miguu haimtii. Changu kilitokea saa saba mchana, jua la Shinyanga likiwa utosini, na sikuwa nimeonja hata tone. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele huko hutapata nafasi.

Ilikuwa miaka michache baada ya askari wetu kurudi kutoka Burma. Nilikuwa utingo wa lori kule Songwa, kwenye machimbo ya almasi, na rafiki yangu mkubwa alikuwa Ali, fundi wa magari. Tulimwita Mngazija kwa sababu alizaliwa kisiwa cha Ngazija, akaletwa bara na baba yake akiwa na miaka minane. Baba alifia huku. Mama alibaki kule katika mji wa Fumbuni, chini ya mlima wa moto, na Ali hakuwa amemwona tena. Kila Idi ilikuja barua yake, imeandikwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, na kila barua iliuliza jambo moja: unakuja lini?

Huo mlima ndio ulionitia wazimu. Ali alinisimulia jinsi kilele kinavyochemka, na jinsi barabara za mawe meusi zinavyokata matairi. Msimamizi mmoja Mzungu aliwahi kutuambia kwamba hata shimo letu la almasi lilikuwa mlima wa moto, ukazimika zamani. Ali akamjibu kwamba wa kwao haujazimika. Mimi mtoto wa wafugaji, ambaye maji mengi kuliko yote niliyoyaona yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe, usingizi ukaniruka. Sijui nikuelezeje. Miguu iliniwasha.

Basi tukapanga. Tulinunua pikipiki ya jeshi yenye kigari cha pembeni, mbovu haswa, Ali akaanza kuifufua. Tungepanda treni hadi Dar es Salaam, kisha meli hadi Unguja, kisha chombo chochote kinachokwenda Moroni, bandari ya Ngazija. Hapo tungekizunguka kisiwa chote kwa pikipiki. Ali alikichora kwenye karatasi ya daftari, mimi nikapanga siku, zikawa saba. Nilipanga kama utingo wa Usukuma anavyopanga: petroli debe ngapi, maji debe ngapi, mto gani tutafukua mchanga tupate ya kunywa. Ali alicheka hadi akakaa chini. Kisiwa kizima hakina mto hata mmoja, aliniambia, mvua ikinyesha mawe yanainywa yote.

Fumbuni niliiweka siku ya saba. Kumbuka, ni mimi niliyeiweka hapo. Barabara ya kusini ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, nikaona tuimalizie, tumfikie mama na vumbi la kisiwa kizima. Ali alitaka tuanzie kwake. Nikamwambia tukianzia kwa mama hatutoki tena, mama gani atakuruhusu upande mlima wa moto kwa pikipiki? Akakubali, shingo upande.

Kiangazi kile nilikwenda na pikipiki peke yangu Shinyanga mjini, kuijaribu na kutafuta tairi. Katikati ya mbuga injini ikachemka, nikasimama. Nyasi zilikuwa zimekwisha, mifugo imehamishwa, hapana mti wala nyumba. Pale ng'ombe mmoja akitokea unamwona saa nzima kabla hajakufikia. Nikainama kutazama plagi. Nilipoinuka, mama mmoja alikuwa amekaa kwenye tuta la barabara.

Alikuwa mtu mzima, amejitanda nguo za kipwani, uso umepakwa kitu laini cha manjano ambacho sikukijua. Pindo la nguo yake lilikuwa limelowa, na mvua tulikuwa hatujaiona kwa miezi mitano. Nikamsalimu Kisukuma, "Mwadila, mayu." Akanitazama tu. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa lafudhi ya Ali, ile ile. Niamini, nywele zilinisimama.

Akaomba maji. Kwetu mtu wa njiani hanyimwi maji, awe nani. Nikamchotea kopo kutoka kwenye debe letu, ambalo lilikuwa la petroli kabla halijawa la maji, kama yalivyokuwa madebe yote ya madereva. Akanywa yote, akakunja uso kidogo, akasema yananuka mafuta. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe karatasi yenu niione."

Nani alimwambia nina karatasi? Ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa. Lakini nilimpa, kama mtoto anavyotoa alichoiba. Akaiweka gotini, akaufuata mchoro kwa kidole, polepole, pwani yote ya kisiwa, mpaka kidole kikasimama Fumbuni.

"Mimi niko siku ya ngapi?"

"Ya saba, mama."

"Ni mbali mno. Mwambie aanzie kwangu. Mwambie aje sasa."

Nikasema nitamwambia. Nikageuka kufunga debe, na nilipomrudia mbuga ilikuwa tupu. Karatasi ilikuwa juu ya tuta, imegandamizwa kwa jiwe. Penye Fumbuni palikuwa na alama ya kidole, ya manjano, inanukia vizuri.

Sasa nisikilize, maana kumwona halikuwa kosa langu. Kosa langu ni kwamba sikusema. Jioni ile Ali aliniuliza pikipiki imekwendaje, nikamjibu imechemka. Ningemwambia, kesho yake angepanda treni peke yake, nami ningebaki Songwa bila kuiona bahari wala mlima. Hiyo tu ndiyo ilikuwa sababu, na naiona aibu mpaka leo. Niliinakili karatasi upya, ile yenye alama nikaificha sandukuni.

Tairi lilikawia. Lilipopatikana, klachi ikafa. Mvua zikaanza, na barua ikaja wakati ambao si wa Idi. Ali aliisoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni pa karakana. Mama yake amefariki. Nilihesabu kimoyomoyo tangu siku ya mbugani hadi siku ya kifo iliyoandikwa baruani: alikuwa ameishi majuma sita. Kwa treni na meli Ali angemkuta, na siku za kukaa naye zingebaki.

Mwishoni mwalimu aliandika jambo ambalo Ali alilisoma mara mbili. Kwamba siku za mwisho mama aliyakataa maji ya birika lao la kukingia mvua. Alisema ameshakunywa ya nchi anakokaa mwanawe, yananuka mafuta, na kijana aliyempa ameahidi kufikisha maneno yake.

Nilikwenda sandukuni, nikaileta karatasi. Ali akaiinua puani, akafumba macho. Ni liwa, alisema, mama alijipaka kila asubuhi.

"Ulimpa maji?"

"Nilimpa."

"Kwa hilo, ahsante."

Hakunisemesha tena. Kabla mwezi haujaisha alihamia upande wa dhahabu, Rwamgasa, pikipiki akaniachia. Sikuipanda. Nimeendesha malori miaka na miaka, Shinyanga, Runzewe, Geita na kurudi, na siwezi kulala nyumba moja siku tatu mfululizo, mke wangu ni shahidi. Bahari sijaiona. Nilipata nafasi mara mbili, mara zote mbili nikarudia njiani. Kila nikipita mbuga ile napunguza mwendo. Siku hizi maji nayabeba kwenye mtungi safi, na hakuna anayekuja kuyaomba.

Wewe unayepanga safari, itoe karatasi yako uitazame. Kama kuna mtu anayekusubiri na umemweka siku ya mwisho, mhamishe leo. Na ukipewa ujumbe njiani, hata na mtu usiyejua kama ni mtu, ufikishe kabla hujavua viatu.