Mkono Usiofika Sikioni

Sisi tuliozaliwa Mbozi zamani za Mwingereza hatukuwa na karatasi za kuzaliwa. Mama zetu walijua tu kwamba fulani alizaliwa wakati wa palizi, fulani mwaka wa nzige. Kwa hiyo mwalimu wa shule yetu alikuwa na kipimo chake: pitisha mkono wa kulia juu ya utosi, ushike sikio la kushoto. Ukilishika, umekua, ingia darasani. Usipolishika, "rudi ukanyonye." Ndivyo alivyokuwa akisema, na watu wote wanacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha pale, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Kaka yangu alinitangulia kuzaliwa, lakini si kwa muda mrefu, na hilo ndilo lililomponza. Mama alishika mimba yangu yeye angali mgongoni. Akaachishwa ziwa kabla ya wakati, akapewa uji mwepesi wa ulezi. Miguu ikavimba, tumbo likajaa, nywele zikawa nyekundu na nyepesi kama ndevu za mahindi. Watu wakasema amebemendwa, yaani wazazi hawakuvumilia, wamekutana mapema mno na mtoto kaharibika. Hebu fikiria aibu ya baba na mama. Kila jirani akimtazama yule mtoto alikuwa anatazama mambo ya chumbani kwao.

Mganga akaitwa. Akatoa dawa ya kumwogeshea, na pamoja na dawa akatoa mwiko: mtoto huyu asile maharage, asile nyama wala mayai, maziwa hata asiyanuse, mpaka tumbo lirudi. Mama aliamini, na nani pale kwetu asingeamini? Sisi wengine tukila maharage, kaka alikuwa anakula ugali kwa majani ya maboga na chumvi. Tumbo lilipokataa kurudi, mama aliona mwiko haujashikwa sawasawa, akaukaza zaidi. Jamani, mama yangu alimlinda yule mtoto na chakula kama wenzake walivyolinda watoto wao na moto. Alimpenda mno, nasema kweli.

Baba alitaka kaka asome. Juu yangu hakuwa na mpango wowote. Msichana asome aende wapi? Siku ya kuandikishwa nilifuatana nao kwa sababu ya kuni tu, maana kwa mwalimu huendi mikono mitupu. Kaka alisimama mbele ya ile nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, akapitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vikaishia karibu na utosi. Akapinda shingo, akavuta bega, akafumba macho. Wapi!

"Rudi ukanyonye," mwalimu akasema. Kisha akanitazama mimi na mzigo wangu. "Na huyu je?"

Nikatua kuni, nikanyoosha mkono, nikashika sikio bila shida, kama mtu anayejikuna.

"Huyu aingie."

"Bwana mwalimu," baba akasema, "huyu ni mdogo wake."

Mwalimu alidhani baba anamtania. Akacheka, akauliza jina langu, nami nikaingia shule badala ya kaka. Yeye alirudi nyumbani nyuma ya baba bila kugeuka.

Tangu siku hiyo, kila nikitoka shule alikuwa ananisubiri nyuma ya ghala la mahindi. Nilimpa kibao changu cha kuandikia, nikamfundisha kila nilichofundishwa. Mwanzoni nilijiona mwalimu kwelikweli, nikimkemea na kumshika sikio kabisa. Haikuchukua muda akanipita. Alikuwa na kichwa, yule! Alikuwa ananisahihisha hesabu kwa kucha, anafuta kwa mate, anasema, "We mdogo wangu, sikio umelishika, lakini kujumlisha kumekushinda." Tulicheka sana nyuma ya lile ghala, ingawa homa zilimrudia mara kwa mara na siku nyingine alisoma huku anatetemeka.

Kila mwaka mpya alikwenda tena kupimwa, na kila mwaka alirudishwa. Asubuhi alikuwa anajining'iniza kwa mkono wa kulia kwenye tawi la msuku, ati mkono urefuke. Wenzangu wa darasani walimwona, wakamwita popo. Niliwapiga wawili, nikachapwa na mwalimu. Sikujuta hata kidogo.

Shangazi yetu alikuwa ameolewa ng'ambo ya Tunduma, upande wa Rhodesia, kwa Wanyamwanga, ambao wako pande zote mbili za mpaka. Mume wake alipokwenda kwenye machimbo ya shaba, shangazi akaomba apewe mtoto wa kumchungia mbuzi. Baba akampeleka kaka, akamweleza dada yake mwiko wote, hili asile na lile asile. Shangazi akaitikia vizuri, "Nimesikia, kaka." Lakini alikuwa na watoto wengi, wote wanakula chungu kimoja, na kazi za shamba ziko kichwani mwake peke yake. Akasahau. Hapakuwa na zaidi ya hilo, alisahau tu.

Kaka alikaa huko mpaka mahindi yakavunwa, yakapandwa, yakavunwa tena. Aliporudi mama alimpita njiani akimdhani mgeni. Tumbo limerudi, nywele zimekuwa nyeusi, magoti yamenyooka. Akasimama uani, akapitisha mkono juu ya utosi, akashika sikio lote akalivuta. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Kisha mama akauliza, "Shangazi yako alikuwa anakupa nini?"

Kaka akataja kwa furaha: maharage, karanga, samaki wakavu, maziwa ya ng'ombe. Mama akakaa chini kwenye vumbi. Alikaa pale muda mrefu, na tulipomwita kula hakuja.

Shule ilipofunguliwa, mimi nikiwa darasa la nne, baba alimleta. Niliona yote dirishani. Kaka akashika sikio kabla hata hajaambiwa. Mwalimu, yuleyule, akamshika taya na kumfungua mdomo, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

"Meno haya ni ya mtu mkubwa," akasema. "Darasa la kwanza nachukua wadogo."

"Bwana mwalimu, miaka yote umemkataa kwa udogo."

"Wakati ule alikuwa mdogo. Sasa ni mkubwa."

"Na lini alikuwa sawa?" baba akauliza.

Ndipo kaka alipoingia darasani kwetu bila kutumwa na mtu, akasimama mbele ya ubao, akasoma somo letu lote kutoka juu mpaka chini. Chini palikuwa na hesabu ambayo hakuna aliyeimaliza. Akachukua chaki akaimaliza. Darasa likapiga makofi. Moyo wangu ulijaa, nikasema mwenyewe kimoyomoyo, ameingia, leo ameingia!

Hata mwalimu alitabasamu. "Anasoma vizuri sana," akamwambia baba. "Sasa shule anaitakia nini? Nafasi tuwaachie wasiojua."

Baba akaomba basi akae na sisi, darasa la nne. Mwalimu akasema haiwezekani, hana jina darasa la kwanza, la pili wala la tatu. Mkaguzi akija ataambiwa mtoto huyu katoka wapi? Baba hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Akavaa kofia yake.

Jioni nilimfuata kaka nyuma ya ghala na kibao changu. Alikuwa anapukuchua punje kutoka kwenye gunzi, hana machozi.

"Kumbe ningejifanya sijui," akasema.

Nikampa kibao. Hakukipokea, wala hakukipokea tena siku nyingine yoyote.

Mimi niliendelea, nikafaulu, nikapelekwa shule ya kati, watu wakasema mzee yule ana binti mwenye akili. Akili gani? Mkono mrefu! Kaka alibaki na ng'ombe, na baadaye na kahawa ya baba. Akipewa kitu cha kusaini aliweka dole gumba, na mimi nikimgombeza alitazama pembeni.

Mama alipofariki, mzee wa kanisa alimpa yeye Biblia pale kaburini, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza, asome maneno ya kumuaga. Watu wote wa Iyula, kijiji chetu, wapo.

"Mimi sijui kusoma," kaka akasema. "Mpeni mdogo wangu, ndiye aliyesoma."

Nikaipokea. Machozi yakanifumba macho, nikakwama katikati ya mstari. Kaka alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, macho yake kwenye ukurasa, na midomo yake ilikuwa imekwisha kunitangulia, inausoma mstari mpaka mwisho, bila sauti.