Kidhibiti cha Lita Kumi

Ugatuzi ulipokuja, kituo chetu cha afya kilipata jenereta na tangi la dizeli, nami nikapata kazi ya kuvitunza. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, mwaka tuliowazika wazazi, ili wadogo zangu watatu wabaki darasani. Mshahara ule ndio uliotuwekea sufuria jikoni kule Bulla Pesa.

Fundi aliyefunga mtambo alinifundisha jambo moja: kila Jumatatu fungua koki iliyo chini ya tangi, kinga kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji yakiwepo yatakaa chini, dizeli juu. Endelea mpaka itoke dizeli tupu.

"Tangi hutoka jasho," aliniambia. "Mchana joto, usiku baridi. Usipolikamua, siku moja litakukamua wewe."

Nikalikamua kama ng'ombe. Dizeli safi iliyobaki chupani sikuimwaga. Kwetu hatumwagi kitu. Niliijaza kwenye mtungi wa lita kumi na kuuweka stoo.

Msimamizi wetu, mama wa Kimeru aliyefungia hata sabuni, alinikuta Jumatatu moja nimechuchumaa na chupa.

"Kumbe mwizi ni wewe, binti!"

"Madam, natoa maji."

"Maji? Isiolo hii? Watu wanapanga foleni na mitungi tangu alfajiri, na wewe umepata kisima ndani ya tangi?"

Wagonjwa kwenye benchi walicheka. Mimi pia ningecheka, kama si kazi yangu. Aliuchukua mtungi wa stoo, akaubandika karatasi iliyoandikwa KIDHIBITI, yaani ushahidi wa wizi wangu, na kuuweka chini ya meza ya ofisi yake. Koki akaitia kufuli.

"Mafuta ya dharura hayaguswi. Kamati ya kituo ikikaa, utafutwa, urudi kijijini kwenu Ngaremara kuchunga mbuzi."

Kamati ilichukua miezi kukaa. Kila Jumatatu nilisimama mbele ya kufuli na chupa yangu tupu, nisije nikaambiwa pia ni mtoro.

Siku moja kabla ya kikao, stima ilipotea asubuhi, ikakataa kurudi. Friji ya chanjo ikaanza kupata joto. Nikawasha jenereta: ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Madam akafungua kufuli mwenyewe. Nikakinga chupa. Yakatoka maji, tena maji, kisha kitu cheusi kama ugoro uliolowa.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kile kisima, madam."

Hakucheka. Tukampigia fundi simu. Akasema nibadilishe chujio, nitoe hewa, kisha mpira wa mafuta niuchomeke moja kwa moja kwenye mtungi wa dizeli safi.

"Dizeli safi mko nayo?" akauliza.

Sote wawili tukageuka kuutazama mlango wa ofisi ya madam.

"Hicho ni kidhibiti," madam akasema.

"Ndiyo, madam."

"Na kamati ni kesho."

"Friji ni leo, madam."

Akaingia, akauburuta mtungi mwenyewe, karatasi ikiwa bado imebandikwa. Nikafanya kama fundi alivyosema; jenereta ikanguruma, na friji ikaanza kuimba tena.

Kesho yake kamati ilikaa, ikauliza kidhibiti kiko wapi.

"Kimeungua," madam akajibu. Akatoa ufunguo wa koki mkobani, akanitupia. "Na huyu binti mwacheni aendelee na kazi. Tangi bado lina maji, na hapa hakuna mwingine anayejua kukamua."