Kaswera na Goti Lisilo na Kosa

Mama mkwe wangu Kaswera ananyoosha viungo huko Musienene tangu kabla mimi sijajua kushika randa. Bega lililochomoka, kifundo cha mguu kilichoteguka shambani, kiwiko cha mtoto aliyevutwa mkono na dada yake, vyote vimepitia mikononi mwake, na vingi vilirudi mahali pake. Siku ya soko watu wanamzunguka kabla hajatua gunia lake la viazi. Hana shaka na mikono yake hata kidogo. Sitaficha kwamba jambo hilo lilinichosha kwa miaka mingi, maana mtu asiye na shaka ni kazi kukaa naye hata wiki moja.

Lakini habahatishi. Muulize goti linafanyaje kazi, atakueleza kwamba ncha za mifupa zimefunikwa kitu cheupe na laini, kilekile unachotafuna kwenye mguu wa kuku, na katikati kuna maji ya kuteleza ili mfupa usisage mfupa. Kile cheupe huisha kwa uzee na kwa mizigo, ndiyo maana wanawake waliobeba maharage mgongoni miaka arobaini wanashuka kilima wakiguna. Kiungo kilichovimba kikawa cha moto, na mgonjwa ana homa, hakigusi. Anamtuma hospitali siku hiyohiyo. Mpaka huo alijiwekea mwenyewe na hajawahi kuuvuka.

Binti yetu Séphora, mwenye miaka kumi na miwili, alianza kuchechemea kidogo kabla ya likizo ya Pasaka. Mke wangu Virginie hakupoteza muda, akampeleka Musienene kwa mama yake. Mtoto akamwambia bibi yake, "Mukaka, mugulu inaniuma," huku ameshika goti. Kwetu mugulu ni neno refu. Linaanzia kiunoni na kuishia kwenye kucha. Kaswera hakuuliza ni sehemu gani ya urefu huo. Aliona mkono wa mtoto ulipo, akaweka wa kwake hapohapo.

Goti halikuwa limevimba. Halikuwa na joto, na lilikunjwa na kunyooshwa bila kelele. Mwingine angejiuliza. Yeye akaamua kwamba limekauka tu, linahitaji mafuta na mwendo. Kila asubuhi alilikanda kwa mawese ya moto, kisha akamwagiza mtoto ashuke hadi mtoni na kupanda tena ili goti lilainike. Séphora alikuwa akilia njiani. Bibi akasema ni uvivu wa watoto wa mjini.

Nilipokwenda kumchukua baada ya wiki mbili, nilimwona akija kunipokea. Mguu wa kushoto ulikuwa umegeukia nje, na alikuwa akiuzungusha ili uweze kusonga mbele. Mimi ni fundi wa milango, pale Butembo wananijua kwa jina la Léon Menuisier. Mlango ukigusa sakafu, fundi mchanga anauparura chini. Fundi aliyekomaa anaangalia juu, kwenye charnière, kile chuma kinachoushika mlango kwenye fremu, kwa sababu mara nyingi ndicho kilicholegea. Nikajua papo hapo kwamba mama mkwe wangu alikuwa akiparura chini.

Sasa nimwambieje? Kwetu mkwe hamkosoi mama mkwe. Hata kumtazama usoni kwa muda mrefu ni aibu. Nilimpigia Virginie simu aseme yeye, akanijibu kwamba yeye ni binti wa Kaswera na anampenda, ila kuna maneno hajawahi kumwambia na hataanza leo. Nilikaa pale nyumbani kwake na chai yangu nikiogopa kweli. Mtoto wangu alikuwa anaharibika mbele ya macho yangu na adabu ilikuwa imenifunga mdomo.

Basi nikadanganya. Nikainamisha kichwa, nikasema madaktari wa Butembo wangefurahi kuiona kazi yake kwenye radio, ile picha inayopita nyama ikafika kwenye mfupa, ili wajifunze. Kaswera alifikiri kidogo, akaona ni haki yao kujifunza, akavaa kitenge chake kizuri.

Hospitali tulimkuta daktari Christa, mzaliwa wa Kisangani aliyetumwa kwetu na serikali. Hakuanza na picha. Alimwomba Séphora aonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma, na kidole kikaenda kwenye goti. Kaswera akanitazama kwa ushindi. Daktari akamlaza mtoto chali, akaushika mguu, akaukunja taratibu kuelekea tumboni. Mguu haukukubali kwenda moja kwa moja. Ulikimbilia nje wenyewe.

"Mama," Christa akamuuliza, "uliisha kuona mugulu inakimbia vile?"

"Kila asubui," Kaswera akajibu. Kisha sauti ikashuka. "Nilizani mutoto anakataa."

Picha ilipotoka, daktari alitueleza. Kiungo cha nyonga ni kama kinu na mchi, na kichwa cha mfupa wa paja ndicho kinachozunguka ndani. Mtoto anapokua haraka, kichwa hicho bado kimeshikwa na sehemu laini, na kwa wengine kinaanza kuteleza polepole. Mishipa inayopeleka maumivu ya nyonga inafika pia kwenye goti, kwa hiyo mtoto analia goti wakati goti halina kosa. Cha Séphora kilikuwa kimeteleza, bado si sana. Kila hatua ilikuwa inakisukuma zaidi, na kikichomoka chote, damu inaweza kukatika na mfupa ukafa. Toka saa ile asikanyage chini. Kesho wangemfunga vis moja, skrubu ya chuma, ya kushika kichwa cha mfupa mahali pake.

Muuguzi akaleta kiti cha magurudumu. Nilikishika nianze kusukuma, na Kaswera akaondoa mikono yangu.

"Leta, Léon. Ni miye nilimutembesha. Ni miye nitamusukuma."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu tangu nioe binti yake. Alisukuma korido nzima bila kuinua macho, na mimi nilifuata nyuma nikiwa sina hasira tena na mtu.

Vis ilishika. Miezi mitatu ya magongo mawili, kisha gongo moja, kisha hakuna. Leo Séphora anatembea sawa, ingawa daktari bado anampiga picha kila baada ya muda, na ya nyonga ya pili pia, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kuhamia upande wa pili.

Juzi, siku ya soko, nilikuwa Musienene nikimsaidia kushusha magunia. Mwanamke mmoja alikuwa ametoka Mabalako na binti yake kwa sababu ya sifa za Kaswera. Goti, akasema. Kaswera alimlaza binti juu ya magunia, akakunja paja lake kuelekea tumboni. Mguu ukakimbilia nje. Akautua polepole, akaondoa mikono yake yote miwili, akamwambia mama yule aende hospitali Butembo sasa hivi na mtoto asikanyage chini.

Mwanamke hakuelewa. Alikuwa ametoka mbali na watu walikuwa wanatazama.

"Lakini banasemaka weye haukosake."

"Banakudanganya," Kaswera akasema, kwa sauti ya soko zima kusikia. "Nilikosa mugulu ya mujukulu yangu."

Kisha akamwita mwenye moto, pikipiki ya abiria, akambeba binti mwenyewe hadi kwenye kiti, akaushikilia ule mguu mpaka mama yake alipopanda nyuma.