Maji ya Chumvi ya Mkolani

Jumamosi, tarehe tisa Novemba, nilifiwa na mume wangu. Presha ilimpanda asubuhi akiwa kazini kwake Mirongo, alikokuwa akitengeneza friji, na wenzake waliompeleka hospitali waliniambia alikata roho njiani. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Wanaume walipokuwa makaburini, mimi nilikuwa nyumbani kwetu Mkolani, nimekaa kwenye mkeka chumba cha mbele, na pampu ya tangi lake ilikuwa bado inatoa mapovu.

Wanawake waliokuja msibani wote waliuliza habari za lile tangi. Lilikuwa boksi la kioo lisilozidi urefu wa mkono wangu, na ndani kulikuwa na jiwe moja na anemoni mmoja. Anemoni ni mnyama wa baharini, laini kama nyama ya ulimi, anayejibandika kwenye jiwe na kutandaza mikono myembamba mingi inayochezacheza majini. Huyu wetu alikuwa wa kahawia, ncha za mikono zina rangi ya zambarau. Nikiwaeleza hivyo walisema, kumbe ua. Mume wangu alikuwa akiwajibu watu kila siku, "Si ua. Ua halili dagaa."

Aliwajua wanyama hawa Tanga, alikokwenda miezi michache kutengeneza majokofu ya samaki. Maji ya bahari yakipwa aliwakuta kwenye madimbwi ya miambani, akawa anakwenda kuwatazama badala ya kula chakula cha mchana. Aliporudi hakuacha kuwazungumzia. Fundi mwenzake wa kule akamtumia mmoja kwa basi huku kwetu upande wa ziwa, ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na madumu ya maji ya bahari. Huyo alinyonywa na pampu akakatika vipande. Mume wangu alizima redio na hakuiwasha siku nzima. Baadaye akafunga sponji kwenye mdomo wa pampu, akaagiza mwingine.

Majirani walimcheka sana. Mmoja alimwuliza, "Fundi, ziwa lote hili limekushinda, mpaka uagize maji Tanga?" Akamjibu kwamba ziwa lao halijaungwa chumvi. Kila dumu lilipofika alilibeba begani kutoka barabarani, na watoto walikuwa wakimfuata wakidhani ni mafuta ya kula.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba na sikupenda kitu chenye harufu ya samaki sebuleni, lakini alinifundisha na nikajifunza. Kwenye kioo alichora mstari kwa maka peni. Maji yakipungua kwa joto, alisema, yanaondoka maji matupu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unajazia maji ya mvua mpaka kwenye mstari, hujazii maji ya bahari. Maji ya bahari ni ya siku ya kubadilisha, unachota kidogo ya zamani unatia kidogo mapya. Kidogo, alirudia, maana huyu hapendi kushtuliwa. Chakula chake kilikuwa dagaa mbichi mmoja, nasuuza, nampelekea kwa kijiti. Mikono ilimshika dagaa, ikafunga polepole, na mume wangu aliinama kutazama kama vile hajawahi kuona.

Hatukujaliwa mtoto. Nikiwa katika eda, sitoki nje ila kwa dharura, yule mnyama ndiye kitu pekee ndani ya nyumba kilichokuwa bado kinahitaji kazi ya mume wangu ifanywe. Nilitaka afike nami mwisho wa eda. Sikumwambia mtu.

Mama mkwe alikuja kutoka Usagara kukaa nami. Mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee, na hakulia mbele yangu hata mara moja. Mara ya kwanza alisimama mbele ya tangi na kanga yake mdomoni, akaniuliza kama mwanawe alikuwa akiongea na kitu hiki. Nikasema, ndiyo, kidogo. Tangu hapo kila asubuhi, nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akauliza, "Na mtoto wenu ameamkaje?" Alianza yeye kumsuuzia dagaa. Alichagua wadogo, akiwatoa vichwa.

Maji ya bahari yalikuwa yakiisha. Lilibaki dumu moja, nalo halikufika nusu. Yule fundi wa Tanga, aliponipigia kunipa pole, aliniahidi ataweka lingine kwenye basi. Nikawa nasubiri. Nilimwambia mama kwamba tunasubiri maji ya chumvi, maana bila maji ya chumvi huyu hataishi. Ndivyo nilivyosema, maji ya chumvi.

Mkolani kila mtu anayajua maji ya chumvi. Ni maji ya kisima. Huwezi kufulia, sabuni haitoi povu, na chai yake haina ladha. Ukikuta ndoo kwenye baraza ya mtu unauliza kwanza, haya ni ya bomba au ya chumvi?

Siku moja homa ilinilaza mchana. Dagaa mmoja alikuwa ameozea nyuma ya jiwe bila mimi kumwona, na maji yakachafuka, yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Anemoni akajikunja akawa kama kidole gumba. Mama alimwona. Hakutaka kuniamsha. Alikwenda kwa jirani mwenye kisima, akajitwika ndoo mwenyewe, na umri wake ule, akachota maji mabovu kwa kikombe mpaka karibu na jiwe, kisha akajaza mpaka kwenye mstari. Alikuwa ameuelewa mstari.

Nilipoamka tangi lilikuwa linang'aa. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, nguo zimelowa kifuani.

"Nimembadilishia," aliniambia. "Maji ya chumvi kabisa, mwanangu. Nimejaribu na sabuni, halitoki hata povu moja."

Nilimwambia ahsante. Kisha nikaenda kuchukua lile dumu la mwisho, nikatoa maji tangini taratibu na kutia ya bahari yote yaliyobaki. Mama aliniuliza kwa nini nachota yale aliyoyatia. Nikasema nachanganya. Huo haukuwa uongo, lakini haukuwa jibu. Maji ya bahari hayakutosha. Kufikia jioni anemoni alikuwa ameachia jiwe, anaelea, mdomo umefunguka na matumbo yametokeza. Kesho yake alianza kunuka. Nilimtoa kwa kijiko cha mchuzi, na mama akachimba shimo dogo nyuma ya nyumba, karibu na mgomba. Alisema mgonjwa alikuwa ameshazidiwa, maji safi yalichelewa. Nikaenda kukiosha kijiko.

Dumu la Tanga lilifika baada ya hapo. Jirani alilichukua stendi akatuletea, akaliweka katikati ya sebule. Mama alilifungua ili alinuse. Kisha akachovya kidole, akalamba.

Alikuwa amezaliwa na kuzeekea upande huu wa ziwa, na hajafika pwani. Alikitazama kile kidole. Akachovya tena, akalamba tena.

"Ya kisima hayakuwa haya," alisema.

Ningeweza kusema yanafanana. Uso wake ulikuwa unaniomba niseme hivyo. Lakini alikuwa ameshayaonja.

"Hapana, mama. Hayakuwa haya."

"Kwa hiyo ni mimi."

Nikamwambia neno ni moja na maji ni mawili, na hata mimi niliyelitumia neno hilo sikufikiri kulieleza. Alitikisa kichwa. Akajifunika kanga usoni, na hapo ndipo nilipomsikia akimlilia mwanawe, kwa Kisukuma, akimwita kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Nilikaa karibu yake. Hatukuzungumza tena habari ya tangi. Nilichomoa pampu, na nyumba ikawa kimya kuliko siku ya mazishi.

Eda ilipokwisha nilimsindikiza mama barabarani kupanda gari la Usagara. Asubuhi ile alikuwa ameniomba chupa tupu ya maji ya kunywa, akaenda mwenyewe kwenye dumu akaijaza. Alisema anataka nyumbani wayaone maji aliyokuwa akiyahangaikia mwanawe. Aliifunga kwenye kitenge, akaipakata mapajani.

Jioni alinipigia simu kusema amefika salama. Kaka yake ameyaonja, aliniambia, na ameyatema.