Nilipeleka mbegu zangu lab kwa barafu, kama za ndume

Wakuu, niaje. Jina nimeficha lakini maneno yote ni ya kweli. Kama uko Matisi na umenijua, nyamaza tu bana.

Kazi yangu ni A.I. Sio ile ya kompyuta. Mimi ndiye jamaa unapigia simu ng'ombe yako ikiwa heat, inataka ndume, nakuja na pikipiki na mtungi wa nitrogen wenye mbegu za ndume zilizogandishwa, naserve, yaani naipandikiza. Ndama wengi sana hapa Kitale wamepitia kwa huu mkono.

Na bado, miaka nne ya ndoa ilipita, kwangu hakuna mtoto.

Bibi yangu Nafula alipimwa kila kitu, akaambiwa yuko sawa. Mimi nilikataa. Nguvu za kitandani ziko, si basi hakuna shida? Sikujua ati nguvu ni kitu kingine na mbegu ni kitu kingine. Na nikiwa mtaalam!

Mama yangu huko Kanduyi alikuwa ameanza maneno. "Huyu amekula chakula ya kijana wangu miaka nne bure." Tukimtembelea, Nafula anaskia akiwa jikoni, mimi nimenyamaza. Hiyo kunyamaza inaniuma mpaka leo.

Mwaka juzi Nafula akaniambia, "Nimechoka kubebeshwa huu mzigo. Enda upimwe ama nirudi kwetu." Hakulia hata kidogo. Hapo ndio niliogopa.

Nikaenda lab moja hapa town. Dada wa mapokezi akanipa kikopo, akaanza kunieleza. Aibu ikanishika, sikungoja amalize. Si hii kazi naijua? Nikatoa sample nyumbani, nikaipanga vizuri kwa boksi ya barafu, nikapeleka mbio.

Majibu: hakuna hata moja inatembea.

Nilikaa kwa pikipiki nje ya hiyo lab kama saa nzima. Halafu nikaenda moja kwa moja mpaka Kanduyi.

"Mama, shida si Nafula. Ni mimi. Usimwambie kitu tena."

Mama akashika kichwa, akauliza kama nimerogwa. Nikasema nimepimwa. Nikampigia Nafula mbele yake, nikaweka loudspeaker, nikaomba msamaha. Nilimskia Nafula akivuta makamasi.

Wiki iliyofuata nikarudi lab kuuliza kama kuna dawa. Mama anayepima pale akauliza ile sample nilibeba aje. Nikajibu kwa ujuzi: kwa barafu, si hata za ndume tunabeba kwa baridi?

Wakuu, alicheka mpaka akavua miwani. "Baba, za ndume huchanganywa na dawa ya kuzilinda kabla zigandishwe. Zako umeziua na baridi! Hubebwa mfukoni, karibu na mwili, na haraka."

Tukarudia. Za kutembea zilikuwepo, lakini chache na zinajikokota. Akanituma kwa daktari mmoja huko Bungoma.

Huyo daktari alinichorea kwa karatasi. Korodani zinaning'inia nje ya mwili kwa sababu mbegu zinataka ubaridi kidogo, sio wa friji. Zinatengenezwa hapo, zinakomaa kwa mrija uliojikunja nyuma yake, halafu zinapanda ndani, zinachanganyika na maji ya tezi dume na tezi zingine, ndio zinatoka. Kwangu, mishipa ya damu ya upande wa kushoto ilikuwa imevimba, inaleta joto. Operesheni ndogo, nikarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akasema tuwe na subira, mbegu mpya huchukua kama miezi mbili na nusu.

Tulingoja karibu mwaka. Sasa Nafula ako na mimba ya miezi sita, na mama anatuma mboga kila wiki. Nina raha bana, siwezi ficha.

Juzi nikamuuliza siku gani alifurahi zaidi, nikidhani atasema ile ya kupima mimba. Akasema ni ile simu ya Kanduyi. Ati hata kama mtoto hangekuja, hiyo ilimtosha.

Nimejifunza hivi: pimwa mapema, na majibu uyapeleke kwenu wewe mwenyewe.

Sasa wewe ambaye bibi yako anabebeshwa huo mzigo saa hii, umeshapimwa? Andika hapa chini. Hakuna atakucheka, mimi nimeshachekwa kwa niaba yenu wote.