Gari Si Koti la Marehemu

Vijana wa hapa mtaani Matisi huniuliza zile gari za milango miwili zilienda wapi. Zile za chini, pua ndefu, zinazonguruma kama mtu mnene anayesafisha koo. Wanaziona kwa simu zao, kisha wanashangaa kusikia kwamba Kitale ilikuwa imejaa hizo gari, na kila karani mwenye mshahara na nywele kichwani alitaka yake. Halafu hawangoji nijibu. Wanajijibu wenyewe. Ati zilizeeka. Ati kutu. Ati spea ziliisha.

Upuzi. Mimi nimezeeka, mbona niko? Hizo gari ziliuawa, na waliozifisha nawajua, wengine nimewapikia chai.

Kulikuwa na moja ya rangi ya chungwa, ya karani wa ghala la mahindi. Alipochoka kuendesha akamwachia kijana wake. Kijana akaona gari haijalala chini vya kutosha, akakata springi. Akaona hainguruma vya kutosha, akatoboa ekzosi ili watu wa mtaa wa Tuwan wamsikie akija. Walimsikia. Na matuta ya Tuwan yalimsikia. Tuta la kwanza likapasua tumbo la gari, mafuta yote ya injini yakamwagika barabarani, na yule kijana, kwa sababu muziki ulikuwa juu, akaendelea kukanyaga mpaka injini ikajifunga kama ngumi. Boneti yake leo ni mlango wa banda la nguruwe. Nimeiona. Nguruwe anaitunza kuliko kijana.

Kulikuwa na nyeupe ya mfanyabiashara wa viazi. Huyo alikuwa wa kabila la nitaitengeneza. Kabureta ilikosa kakifaa kadogo, akaisukuma chini ya kibanda. Nitaitengeneza mavuno yakiisha. Nitaitengeneza mtoto akimaliza shule. Watoto walimaliza shule, wakaoa, wakanenepa, na kuku wakawa wanatagia kiti cha nyuma. Ukimwambia auze kwa mtu atakayeiendesha, anakukasirikia kama umemwomba mke. Siku aliyokubali kuuza, mnunuzi alikuja na mizani ya vyuma chakavu.

Na wako wale wajanja wa mjini. Wananunua moja nzima ili watoe vitu vya kutengeneza nyingine. Halafu ile nyingine wanapata mtu wa kununua milango, wanauza milango. Wanapata mtu wa gia, wanauza gia. Ulianza na gari mbili, sasa unayo mikono iliyojaa grisi, na bado unaitwa mfanyabiashara.

Yetu ilikuwa ya kijani. Mume wangu aliinunua akiwa kazini kwa ofisi ya mifugo, na aliiendesha mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla macho. Alipogonga mlingoti wa geti akidhani ni kivuli, aliniletea ufunguo jikoni, akauweka kwenye mkono wangu wenye unga, akasema, "Basi nifundishe kukaa upande ule mwingine." Shule mimi niliachia darasa la nne, lakini gari haiulizi cheti. Nikaenda kujifunza, nikapewa leseni, nikawa naendesha. Nilikuwa nashuka mbele ya kanisa kama malkia, ila malkia huvutwa mkono, na mimi kutoka kwa kile kiti cha chini nilijivuta mwenyewe kwa kushika mlango na kuita jina la Bwana. Wanawake wenzangu walicheka. Nikawaacha wacheke wakiwa kwa miguu.

Mume wangu alipofariki tulimzika kwao, upande wa Bungoma. Niliendesha nyuma ya gari la maiti kutoka Kitale mpaka bomani. Nilikuwa nimelia ya kutosha, nikabaki na neno moja tu kichwani: nikimaliza hapa, hii gari irudi Kitale ikiwa nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu kuliko nyumba. Ndani yake ndimo tulimogombania kila kitu, na ndimo tulimopatana.

Kwao, baada ya kuzika, kuna siku ya kunyoa nywele. Wenye msiba wananyolewa, kisha watu wanakaa uani kuzungumza mambo ya marehemu, na nguo zake zinagawiwa. Koti kwa huyu, kofia kwa yule, kila mtu abaki na kitu cha kumkumbuka. Desturi nzuri, siikatai. Niligawa makoti. Niligawa viatu, hata vile alivyokuwa amenikataza kuvigusa. Kichwa changu kimenyolewa, upepo unanipiga, nikadhani tumemaliza.

"Shemeji," akaanza mdogo wa mume wangu, mtu ambaye hajawahi kuendesha kitu isipokuwa baiskeli, na baiskeli yenyewe humshinda mteremkoni. "Mimi sina makuu. Naomba ule usukani tu. Niutundike sebuleni."

"Utundike usukani?"

"Nikiutazama, namwona kaka."

"Kaka yako alikuwa haoni. Miaka yote hiyo usukani nilishika mimi. Ukiutazama utaniona mimi, na hutapenda."

Watu wakacheka, na mimi nikafikiri mzaha umeishia hapo. Wapi. Kumbe alikuwa amefungua lango la ng'ombe. Mtoto wa mdogo mwingine wa mume wangu akainua mkono kama yuko darasani.

"Mama mkubwa, basi mimi redio."

"Hiyo redio haisemi."

"Si lazima iseme. Ni ukumbusho."

Mwingine akataka taa za mbele aweke kwa geti. Wifi yangu, dada ya marehemu, akapangusa machozi akasema yeye atatosheka na kioo kimoja cha pembeni, kile cha upande wa kushoto, awe anajiona akisuka. Walikuwa wanaomba kwa upole, kwa sauti ya kilio, na hiyo ndiyo ilinikasirisha zaidi. Mwizi hukupa nafasi ya kupiga nduru. Hawa walikuwa wananibomolea gari huku wananipa pole.

"Sasa mkishachukua hivyo vyote," nikauliza, "mimi nabaki na nini?"

"Unabaki na bodi, shemeji," akasema yule wa usukani. "Si bodi ndiyo gari yenyewe, bana?"

Hapo kijana wangu wa kwanza akasimama. Yeye anafanya kazi Nairobi, anavaa viatu vyenye ncha. Nikashukuru Mungu nimezaa. Nikashukuru mapema.

"Wazee wangu, hii gari haiwezi kugawiwa," akasema. "Hii ni urithi. Mama, tuijengee banda zuri hapa hapa, kando ya kaburi la baba. Tuizungushie vioo. Wajukuu wawe wanakuja kuiona."

"Itakuwa inaendeshwa na nani?"

"Haitaendeshwa, mama. Itahifadhiwa."

"Kama baba yako?"

Akakaa. Sikujutia hilo neno wakati huo na sijutii leo. Wale wengine angalau walikuwa na tamaa, na tamaa ukiikemea inaona haya. Huyu wangu alikuwa na mapenzi, na mapenzi ya namna hiyo ndiyo niliyoyaona kwa yule wa viazi. Unaipenda gari mpaka panya wanazaa ndani.

Nikatoa ufunguo kifuani nikaenda kwa gari. Nikafungua mlango wa abiria, ambao sikuwa nimeutia ufunguo. Kiti cha abiria hakipo.

Nilisimama hapo nikitazama sakafu tupu. Hicho kilikuwa kiti chake. Kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake, mgongo wake ulikuwa umekichora. Sisi tukiendelea kubishana uani, mtu alikuwa ameingia na spana akakifungua kimyakimya, kwa heshima zote.

Sikukitafuta sana. Kilikuwa nyuma ya nyumba kando ya ghala la mahindi, na mdogo wa mume wangu alikuwa amekwisha kufika akakikalia, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto anayeogeshwa, kikombe cha chai tumboni. Kwa jinsi kile kiti kilivyo chini, magoti yake yalikuwa karibu na masikio.

"Simama," nikamwambia.

"Shemeji, hiki kiti kinafaa mgongo wangu. Hata daktari alisema..."

"Simama."

"Basi nimalize chai."

"Maliza."

Nikasimama mbele yake. Yeye akanywa, mimi nikatazama. Hakuna kitu kirefu kama chai ya mtu anayetazamwa. Alipofika kwa majani ya chini alitaka kusimama akashindwa, kiti kimemmeza, akaninyooshea mkono nimvute. Nikamvuta. Mimi ni mkristo.

Yule wa redio ndiye aliyekuwa na spana. Nikamwambia akirudishe kiti, akarudisha, jasho linamtoka. Bolti moja haikuonekana. Alipekua nyasi, akauliza watoto, akapekua mifuko ambayo nadhani alijua hakuna kitu. "Mama mkubwa, zilizobaki zitashika," akasema. Nikamwambia zisiposhika nitakuja kumfunga yeye hapo.

Wifi akaja na kikapu. Binti yake alikuwa amejifungua hospitali ya misheni ya Lugulu, na njia yangu ya Kitale inapita huko. Akaniomba nimsogeze. Nikamwambia ingia. Akaingia kwa matako kwanza, vile wote huingia mara ya kwanza, akaanguka chini akapiga kelele.

Nikawasha. Ikashika mara moja. Na hapo ndipo niliona kitu ambacho hao vijana wa simu hawatakipata huko kwa simu. Watu wa boma lote walirudi nyuma. Mama mmoja alishika mdomo.

"Kumbe inawaka!" akasema wifi.

"Ulifikiri nilikuja nayo kichwani?"

Walikuwa wameniona nikifika nayo. Wamesogeza mbuzi ili niiegeshe. Lakini wenyewe walikuwa wamekwisha kuizika. Mwenyewe amekufa, basi na gari imekufa, iliyobaki ni nguo za kugawa. Na si Bungoma tu, hata Kitale ni hivyo, hata kwa watu waliosoma. Mtu akizikwa, au akistaafu, au akizeeka, gari yake inawekwa kwa hesabu ya wafu ikiwa bado inapumua. Kisha baada ya miaka wanauliza zilienda wapi, kwa sauti ya huzuni.

Tukatoka. Lami ilipoanza nikakanyaga mafuta. Kiti cha wifi kilicheza kila kona, naye alishika mlango kwa mikono miwili.

"Wifi, polepole! Utanipeleka kwa kaka yangu!"

"Kaka yako amepumzika, hataki wageni. Kaa."

Mbele kidogo akaanza kucheka. Hakuniambia sababu. Alifunga leso upya juu ya kichwa chake kilichonyolewa, akafungua dirisha, na kila tulipopita watu kituoni alikohoa ili wamwone. Lugulu akashuka kwa shida, akafunga mlango kwa vidole viwili kama anafunga Biblia ya mtu. Haukujifunga.

"Funga kama unafukuza mbuzi!"

Akaupiga mpaka vioo vikalia, akaenda zake kumwona mjukuu, anatembea kama mtu aliyeletwa na gari.

Mimi nikafika Kitale kabla ya jua kuzama. Nikaiegesha, nikaizunguka yote nikiikagua. Usukani upo. Redio ipo, bado haisemi. Taa, vioo, viti, vyote vipo. Jumapili nikaenda nayo kanisani, na naenda nayo mpaka leo. Ni bolti moja tu iliyobaki kule. Wagawane.