Fundi wa Simu Anakuita Mpenzi

Bisha ukitaka, lakini Jumapili nilimwokoa mtu kwenye basi la kutoka stesheni ya Gare du Midi, huku ughaibuni, mimi huyu niliyeacha shule mapema.

Kijana mmoja alikuwa akiongea na bibi yake wa Bukavu kwa video. Unajua mila yetu: simu inapita mkono kwa mkono hadi kila ndugu asalimie. Ilipomfikia mjomba wake aliyeketi kando yake, ujumbe wa namba iliyohifadhiwa kama "Fundi wa Simu" ukadondoka juu ya uso wa bibi. Mzee akausoma kwa sauti ya mahubiri:

"'Shati hilo limekukaa, mpenzi.' Alors! Fundi wa simu anakuita mupenzi? Mwanaume mwenzako?"

 Kijana analala sebuleni kwa mjomba huyo. Jibu moja baya, angelala stesheni.

Nikaruka kutoka kiti cha nyuma. "Tonton, usiguse! Hao ni matapeli. Ukigusa tu, benki yako kwisha!"

Mjomba akairusha simu kama kaa la moto, nikaidaka. Bibi akanitazama kwenye skrini. "Aksanti, mutoto. Unichungie huyu mujukuu."

Namba ya benki tunaificha, ya moyoni tunayaacha yaelee juu ya skrini. Zima arifa kabla ya kusalimia ukoo.

Nilichoruka kusimulia ni hiki: fundi ni mimi. Shati nililiona nikiwa kiti cha nyuma, na agizo la bibi nalitekeleza.